Safura, Pemba na Emumbwa: Udongo Unaoliwa na Wajawazito katika Historia ya Manyema, Maziwa Makuu na Pwani

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ulaji wa udongo miongoni mwa wanawake wajawazito, kuanzia maandishi ya David Livingstone aliyoyaweka Manyema mwaka 1870 hadi tafiti za kitabibu zilizofanyika Kilifi na Geita. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya kale ilitenganisha mambo mawili, yaani ugonjwa ulioitwa safura na mazoea ya mjamzito, na kwamba tiba ya karne ya 20 iliyachanganya. Mchanganyo huo ungali unaonekana katika ushauri wa lishe unaotolewa kwa wajawazito. Wakati huohuo udongo wenyewe umebadilika: zamani ulikwanguliwa kwenye kiambaza cha nyumba, leo hununuliwa sokoni, na hatari zake si zile zilizoandikwa vitabuni hapo awali.

Utangulizi

Historia ya lishe katika Afrika Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata njaa, mazao ya biashara na mgao wa vibarua. Mjamzito hutokea humo pembeni, kama mama wa kibarua wa kesho. Kampuni ya Union Minière ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wa migodi ya Katanga pamoja na wake zao, mgao wa chakula na huduma ya wajawazito vilihesabiwa katika gharama za kupata nguvukazi. Huko Buganda, shule ya wakunga ya Lady Coryndon, iliyofunguliwa mwaka 1921 chini ya hospitali ya Mengo, ilizaliwa na hofu kwamba idadi ya watu ilikuwa ikipungua. Katika kumbukumbu za aina hii ni vigumu kusikia kile ambacho mwanamke mwenyewe alichagua kula.

Udongo ni mojawapo ya vitu vichache vilivyopenya. Umepenya kwa sababu uliwashangaza wageni, nao wageni wakauandika. Hilo lina faida na hasara kwa mwanahistoria. Faida ni kwamba maandishi yapo. Hasara ni kwamba yameandikwa kwa mshangao, na mara nyingi na watu ambao hawakumwuliza mlaji chochote.

Bambarre, 1870

Kati ya Julai 1870 na Februari 1871, Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, katika nchi ya Manyema, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Nchi hiyo leo ni sehemu ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili kinachosemwa huko, kiitwacho Kingwana, kilifika na misafara ileile aliyosafiri nayo. Mwenyeji wake alikuwa mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Kwa kuwa hakuweza kutembea, Livingstone aliandika aliyoyasikia barazani, na miongoni mwake ni maelezo marefu kuhusu safura.

Neno hilo limetoka katika Kiarabu, kwenye familia ya maneno yenye maana ya rangi ya manjano na nyongo. Livingstone anaeleza kwamba ni jina linalotumika Unguja kwa ugonjwa wa kula udongo. Miguu huvimba, nyama za mwili hupungua, uso husawijika, pumzi huwa fupi hata mgonjwa hushindwa kutembea, lakini huendelea kula udongo hadi afe. Kisha anaweka sahihisho ambalo kwa wakati wake lilikuwa na uzito. Katika mashamba ya watumwa ya Karibi na Amerika, wenye mashamba waliamini kwamba mtumwa hula udongo ili ajiue, na wapo waliowafunga watu vifuniko vya bati mdomoni kwa sababu hiyo. Livingstone anakataa maelezo hayo. Anasema safura haiwapati watumwa peke yao, wala hawali kwa nia ya kujiua. Matajiri wenye chakula tele nao huugua.

Halafu, karibu kwa kupita tu, anaongeza kwamba wanawake wa Manyema wakiwa wajawazito huula udongo huo mara nyingi.

Sentensi hiyo ni fupi na haielezwi. Hapana dalili ya kuvimba miguu iliyotajwa kwao, hapana kifo, hapana dawa. Mgonjwa wa safura na mjamzito wa Manyema wamekaa katika aya moja, lakini mmoja ameelezwa kwa orodha ya maumivu na mwingine kwa kitenzi cha mazoea. Kwa msomaji wa leo tofauti hiyo ni muhimu. Aliyempa Livingstone habari, pengine Muhammad mwenyewe au mtu wa msafara wake, hakuwa amemhesabu mjamzito kuwa mgonjwa.

Ni lazima chanzo hiki kishikwe kwa tahadhari. Livingstone alikuwa tabibu, lakini hapa alikuwa msikilizaji. Shajara zake zilihaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, na utafiti wa Dorothy Helly (1987) umeonyesha jinsi mhariri huyo alivyochagua na kusawazisha ili kumjenga shujaa. Wanawake wa Manyema hawasemi neno hata moja katika kumbukumbu hiyo. Kumbuka pia kwamba ni wanawake walioishi katika miaka ya uvamizi, wakati vijiji vilichomwa na akiba ya chakula kuporwa na misafara ya pembe na watumwa. Haitakuwa sahihi kuichukua sentensi ya Livingstone kama picha ya desturi iliyotulia tangu enzi na enzi.

Tiba ya siki na mavi ya chuma

Sehemu iliyo tajiri zaidi katika maelezo hayo ni ile ambayo wanahistoria wa lishe wameipa nafasi ndogo: dawa. Livingstone anaandika kwamba baba yake Muhammad alikuwa mjuzi wa kutibu safura, na analeta namna ya kuitengeneza. Siki kuukuu ya mnazi hutiwa katika chombo kikubwa, kisha mavi ya chuma yaliyookwa motoni hadi yakawa mekundu hutumbukizwa humo. Huongezwa mvuje, uzito wa nusu rupia, pamoja na chumvi ya chuma na kiberiti, na viungo vingine. Mgonjwa hunywa gilasi ndogo asubuhi na jioni kabla ya kula, kwa siku saba. Hutapika na kuharisha choo cheusi.

Mwenye kuitazama dawa hii kwa jicho la tiba ya wakati huo angeiona kuwa ni haluli tu, na Livingstone mwenyewe aliieleza hivyo. Lakini viungo vinasema jambo jingine. Mavi ya chuma ni takataka zinazobaki baada ya kuyeyusha chuma, na bado yana chuma kingi. Yakitumbukizwa yakiwa moto ndani ya siki, sehemu ya chuma hicho huyeyuka. Chumvi ya chuma inayoongezwa nayo ni ndugu wa karibu wa ile iliyomo katika vidonge wanavyopewa wajawazito leo. Choo cheusi, ambacho mwandishi alikichukua kuwa uchafu wa ugonjwa ukitoka, ndicho anachokiona kila mama anayemeza vidonge vya madini chuma.

Dawa hiyo haikuzuka Bambarre. Katika tiba ya Kiislamu, mavi ya chuma yaliyolowekwa katika siki yalijulikana kwa jina la khabath al-hadid, yaani uchafu wa chuma, na Ibn Sina ni miongoni mwa waliyoyaandika. Huko Bara Hindi, tiba ya Ayurveda hutumia mavi ya chuma yaliyochomwa, yaitwayo mandura, dhidi ya ugonjwa wa kupauka uitwao pandu. Kitabu cha Charaka kinataja kwa uwazi aina ya pandu inayoletwa na kula udongo. Msamiati wa Kiswahili umehifadhi wazo lilelile katika maneno mavi ya chuma. Baba yake Muhammad, basi, alikuwa mrithi wa elimu ya Bahari ya Hindi iliyokuwa imekwisha kuunganisha vitu vitatu: kupauka, hamu ya udongo, na chuma. Ulaya ilifikia kiungo cha kwanza na cha tatu kwa njia yake. Vidonge vya Pierre Blaud vya chumvi ya chuma vilianza kusifiwa Ufaransa katika miaka ya 1830.

Hata hivyo dawa ilikuja na masharti ya mlo, na hapa ndipo elimu hiyo ilipojipinga yenyewe. Mgonjwa hakuruhusiwa nyama. Alikula mchele wa zamani au mtama, kwa maji. Baada ya muda alipewa kuku. Samaki, siagi, mayai na nyama ya ng'ombe vilikatazwa kwa miaka miwili, kwa tishio la kifo. Kile kilichotolewa kwa mkono mmoja katika gilasi ya siki kilizuiwa kwa mkono wa pili katika sahani. Miiko ya namna hii, hasa ya mayai na samaki, imeandikwa sana miongoni mwa wajawazito wa jamii nyingi za eneo hili, na imezoeleka kuiona kama desturi ya kijiji inayopingana na sayansi ya hospitali. Safura ya Bambarre inaonyesha kwamba mwiko na dawa nzuri viliweza kutoka katika kinywa cha mtaalamu mmoja.

Mnyoo, ng'ombe na mjamzito

Mwaka 1838, huko Milano, Angelo Dubini alimwona kwa mara ya kwanza mnyoo mdogo ndani ya utumbo wa maiti ya mwanamke. Ilichukua miongo kadhaa kuelewa kwamba mnyoo huyo hunyonya damu, na mwishoni mwa karne ya 19 Arthur Looss, akifanya kazi Cairo, aligundua kwamba viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga ardhi iliyochafuliwa. Kwa ugunduzi huo safura ilipata maana mpya. Katika Kiswahili cha hospitali neno hilo likawa jina la ugonjwa wa mnyoo huyo, na hadi leo huitwa minyoo ya safura. Ulaji wa udongo, ambao zamani ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe, ukateremshwa hadi kuwa dalili. Baadaye ukateremshwa tena hadi kuwa tabia mbaya.

Kuna kejeli katika mpito huo. Iwapo mnyoo huingia hasa kwa kupenya ngozi ya mguu, basi udongo unaoliwa hauwezi kubebeshwa lawama kubwa kwa ajili yake. Utafiti uliofanyika magharibi ya Kenya (Luoba na wenzake, 2005) ulithibitisha jambo hilo: wajawazito na wanyonyeshaji waliokula udongo walielekea zaidi kuambukizwa upya minyoo ya tumbo iliyo kama nyungunyungu, ambayo mayai yake humezwa, lakini uhusiano huo haukuonekana kwa minyoo ya safura. Hata hivyo katika ushauri wa zahanati, kwa muda mrefu, mjamzito ameambiwa asile udongo kwa kuwa utampa safura. Jina la ugonjwa limeendelea kubeba sababu ambayo sayansi ya ugonjwa huo iliitupa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Jambo jingine la kipindi hicho linastahili kuwekwa kando yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Arnold Theiler alikuwa akichunguza ugonjwa wa ng'ombe wa Afrika Kusini waliokufa baada ya kutafuna mifupa iliyooza. Hakusema kwamba ng'ombe hao wana tabia potovu. Aliuliza ni nini kimekosekana, akaonyesha kwamba malisho yao yalipungukiwa na fosforasi, na kwamba hamu ya mifupa ilitokana na upungufu huo, ingawa mfupa wenyewe uliokuwa na sumu ndio uliowaua. Katika miaka ya 1920 John Boyd Orr wa Aberdeen alivutwa Kenya na swali la aina hiyohiyo, yaani madini ya malisho. Kutoka hapo akageukia watu, na mwaka 1931 yeye na John Gilks walitoa taarifa yao mashuhuri iliyowalinganisha Wamasai na Wakikuyu. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba mlo wa wanawake wa Kikuyu ulitofautiana na ule wa wanaume, na kwamba wanawake walikula mboga za majani kwa wingi zaidi. Wanahistoria wa baadaye, hasa Cynthia Brantley (1997), wamekosoa namna takwimu zake zilivyofumwa ili kutoa kanuni kubwa kuliko ushahidi.

Linaloonekana wazi ni kwamba sayansi ya kikoloni ilikuwa na zana za kuuliza swali sahihi. Hamu ya ng'ombe ilichukuliwa kuwa taarifa kuhusu mwili wake. Hamu ya mjamzito ilichukuliwa kuwa taarifa kuhusu kabila lake. Berthold Laufer wa Chicago alipokusanya habari za ulaji wa udongo duniani mwaka 1930, na Anell na Lagercrantz walipofanya hivyo Uppsala mwaka 1958, walijaza kurasa kwa desturi za watu bila ya kupima damu ya mtu yeyote. Kazi hizo zina thamani kubwa kama hazina ya marejeo. Kama sayansi ya lishe, zilifika zikiwa zimechelewa.

Majina na matumizi

Wakati vitabu vikibishana, lugha za eneo hili ziliendelea kuweka kumbukumbu yake. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamejenga upya mzizi pemba wenye maana ya udongo mweupe, na wanao wake wapo kila upande: mpemba kwa Kichewa na Kiluba, na kwa Kikongo mpemba ambayo hutaja pia nchi ya wafu, kwa kuwa weupe ni rangi yao. Nchini Tanzania, vipande vya udongo wanavyouziwa wajawazito huitwa pemba. (Jina la kisiwa halihusiki hapa, ingawa utani haukosekani.) Kwa Kinyarwanda ingwa ni udongo mweupe na pia chaki ya darasani. Wajaluo wana odowa, jiwe laini linalotafunwa. Mahali pengi unaopendwa zaidi ni udongo wa kichuguu, au ule wa ukuta wa nyumba ulioloana kwa mvua ya kwanza na kutoa harufu.

Emumbwa ya Buganda si udongo mtupu. Ni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na dawa za miti, ukafinyangwa kuwa vijiti na kukaushwa. Mjamzito hukwangua kijiti juu ya jiwe lililoloweshwa, akachanganya na maji na kunywa. Kila mtengenezaji ana miti yake, na kijiti kimoja hulengwa kwa kichefuchefu, kingine kwa kulegeza nyonga siku zikikaribia. Kuiweka emumbwa katika fungu moja na udongo wa ukutani, kama ilivyofanyika katika maandishi mengi, ni sawa na kuweka mchuzi wa dawa na maji ya kisima pamoja kwa kuwa vyote hunywewa. Mtafiti anayepima udongo wa emumbwa bila ya kupima mimea yake amepima chombo akaacha dawa.

Tofauti hizi zina maana kwa nadharia. Timothy Johns na wenzake, katika kazi zilizotoka miaka ya 1980 na 1990, walipendekeza kwamba udongo wa mfinyanzi hufunga sumu zilizomo katika mimea na kutuliza tumbo. Sera Young, aliyefanya utafiti wake kisiwani Pemba, alikusanya pamoja na wenzake taarifa zaidi ya 480 kutoka duniani kote na kuhitimisha mwaka 2011 kwamba maelezo ya kinga yanaungwa mkono kuliko yale ya njaa au ya kutafuta madini. Kwa mujibu wa maelezo hayo, si ajabu kwamba walaji wakubwa ni wajawazito katika miezi ya mwanzo, wakati kichefuchefu kipo na mtoto ni dhaifu zaidi mbele ya sumu.

Damu: nani alianza?

Upande wa pili wa mizani upo utafiti wa Virginia Minnich na wenzake (1968), ulioonyesha kwamba udongo kutoka Uturuki ulizuia mwili kufyonza madini chuma. Ikiwa ni hivyo, udongo unaweza kuleta upungufu wa damu wala usiutibu. Nchini Kenya, Geissler na wenzake (1998) waliwachunguza wajawazito 275 wa Kilifi. Asilimia 56 walikula udongo mara kwa mara, kwa wastani wa takriban gramu 40 kwa siku, na akiba ya madini chuma katika damu ya walaji ilikuwa ndogo. Swali la nani alianza likabaki pale lilipokuwa katika kitabu cha Charaka: je, mtu hupauka kwa kula udongo, au hula udongo kwa kuwa amepauka? Utafiti unaowapima watu mara moja hauwezi kulijibu.

Lakini watafiti haohao walifanya jambo ambalo Livingstone hakulifanya. Waliwauliza wanawake. Katika makala yao ya mwaka 1999, wanawake wa Kilifi wanauhusisha ulaji wa udongo na hali ya damu: na ujauzito, na upungufu wa damu, na minyoo, na ugonjwa wanaouita safura. Neno lililoandikwa Bambarre, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300 na miaka karibu 130 kabla, lilikuwa bado linafanya kazi yake ya zamani, nalo likisemwa na walaji wenyewe. Kwa maelezo yao udongo ni ishara ya damu iliyopungua. Hayo hayako mbali na maelezo ya daktari, na yako mbali sana na picha ya ujinga inayopigwa vita katika mabango.

Kutoka kiambazani hadi sokoni

Mabadiliko makubwa ya nusu karne iliyopita hayakutokea katika mwili wa mjamzito bali katika njia ambayo udongo humfikia. Mjini hakuna kichuguu karibu na mlango, na ukuta ni wa saruji. Udongo huchimbwa mahali pamoja, hukaushwa, husafirishwa kwa lori na kuuzwa kwa vipande katika meza zilezile za ndimu, tangawizi na ubuyu. Huvuka mipaka ya nchi, na hufika katika maduka ya vyakula vya Kiafrika ya Brussels na London. Kwa mnunuzi, asili yake hupotea. Mwanamke aliyekwangua ukuta wa mama mkwe wake alijua udongo umetoka wapi. Anayenunua kipande katika mfuko wa nailoni hajui.

Kwa upande wa minyoo, udongo wa sokoni uliochimbwa kina kirefu na kuokwa huenda ukawa salama kuliko ule wa uani. Kwa upande wa metali, ni kinyume. Mamlaka za chakula za Uingereza zimewaonya wajawazito dhidi ya udongo wa kula unaoletwa kutoka Afrika na Asia kwa sababu ya madini ya risasi, ambayo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto na kuathiri ubongo wake. Huko Geita, katika eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, Nyanza na wenzake (2014) waliwahoji wajawazito 340 na kukuta asilimia 45.6 wanakula udongo. Vipimo vya udongo huo vilionyesha metali zenye sumu, zikiwemo risasi na aseniki. Hatari ya aina hii haikuwepo katika dhana ya safura. Haivimbishi miguu, haifupishi pumzi, wala mama haioni. Ushauri unaoendelea kuzungumzia minyoo peke yake unalinda dhidi ya adui wa mwaka 1900.

Kwa washauri wa sera, ugumu wa kwanza ni wa uainishaji. Mkaguzi akisimama mbele ya meza ya sokoni, kipande cha pemba si chakula kwa maana ya kawaida, wala si dawa iliyosajiliwa. Na emumbwa ni dawa ya mitishamba iliyobebwa na udongo. Kila idara inaweza kuiachia nyingine. Kupiga marufuku, kama inavyopendekezwa mara kwa mara katika warsha, kungerudisha biashara gizani na kumfanya mjamzito aseme hapana anapoulizwa. Njia yenye ushahidi zaidi ni kupima mashimo. Yako machache kuliko wauzaji, na wauzaji wanayajua kwa majina, na wanajua ni lipi lenye udongo laini na lipi lenye mchanga.

Ugumu wa pili uko kliniki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kila mjamzito apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Ikiwa matokeo ya Minnich yanahusu pia udongo wa huku, basi mama anayemeza kidonge chake na kutafuna pemba saa ileile huenda anapoteza sehemu ya kidonge. Muuguzi anayeuliza kama mama anakula udongo hupata jibu la aibu. Anayeuliza anakula saa ngapi, na kidonge humeza saa ngapi, hupata jibu linaloweza kutumika. Anayesikia kwamba hamu imezidi wiki hii ana sababu ya kupima wekundu wa damu siku hiyohiyo, bila ya kungoja hudhurio lijalo. Na hapo atakuwa anaisoma hamu kama wanawake wa Kilifi walivyoisoma.